Hesabu Meno Kabla Hujatuma Hela

Popote ulipo, uwe umekaa barazani Ujiji, uwe Kibirizi unangoja boti imalize kupakia, au uko Kasulu na mvua imekufungia ndani, vuta kiti tuzungumze. Jioni hii nina habari ya pampu. Si pampu ya maji. Ni pampu ya haidroliki ya trekta, chuma unachoweza kukipakata kama mtoto mchanga, na mwaka juzi kilinipotezea wiki tatu za mvua pamoja na pesa ambazo mpaka leo nikizikumbuka roho inaniuma.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135. Marehemu baba alilinunua likiwa limeshatumika, na tangu utoto wangu limekuwa likilima bonde la Luiche, pale mto unapojitawanya kusini mwa Ujiji kabla haujaingia ziwani. Anayelijua bonde lile analijua tope lake. Mpunga wa kule unataka ardhi igeuzwe mvua za kwanza zinapokolea, udongo ukiwa umelainika lakini haujawa uji. Ukichelewa, trekta linadidimia mpaka kwenye ekseli, na hapo huna budi kurudi kwenye jembe la mkono. Majirani zetu wengi hawana trekta. Wanakodi letu, na wanapanga foleni tangu Oktoba.

Basi asubuhi moja ya Novemba plau ilishuka, haikupanda tena. Dereva akavuta mkono wa lifti. Injini inanguruma vizuri, gia zinaingia, magurudumu yanazunguka, lakini ile mikono miwili ya nyuma imelala tu, haina habari. Trekta zima limezuiwa na plau yake yenyewe iliyojichimbia ardhini. Ikabidi tuchimbe kuizunguka kwa majembe, tukachomoa pini, tukaiacha plau shambani, na trekta likarudi nyumbani peke yake huku watu wa foleni wakilitazama linavyopita.

Kwa wewe ambaye hujawahi kukaa juu ya trekta, nikueleze kidogo. Zamani trekta lilikokota plau kama punda anavyokokota mkokoteni: plau nyuma, mnyororo katikati, na mtu wa kuiinua kila mnapofika mwisho wa shamba. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeleta kwa mafanikio mfumo wa kuifunga plau kwenye trekta kwa sehemu tatu, na kulipa trekta mikono ya kuinua yenyewe kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Hili letu la 135 ni kama mjukuu wa lile. Lilianza kuundwa mwishoni mwa 1964 na likaendelea mpaka 1975. Pampu yake imekaa ndani kabisa ya tumbo la trekta, chini ya kiti cha dereva, imezama kwenye oili ileile inayolainisha gia. Ina pistoni nne ndogo, na inazungushwa na shafti inayoingia katikati yake. Shafti na pampu zinashikana kwa meno. Naomba uyakumbuke hayo meno.

Kuifikia pampu si kazi ya dakika kumi. Tulimwaga oili ikajaza debe na nusu. Tukachomoa kwa nyuma shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta. Tukafungua bolti za mfuniko wa lifti, tukafunga mnyororo kwenye tawi la mwembe, tukauinua mfuniko pamoja na kiti chake, taratibu, watu wanne wameshika. Ndani yake pampu ilikuwa imekwisha: vali imekwama kwa kutu, pistoni zimelika upande.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpigia simu mwenye duka mmoja Dar es Salaam, nikamwambia nataka pampu ya haidroliki ya Massey 135. Akasema ipo. Hakuniuliza neno, wala mimi sikumpa la kuuliza. Nikatuma hela kwa simu jioni ileile, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kongo. Siku ya nne boksi likafika na basi. Nikalifungua palepale chini ya mwembe. Pampu mpya, inang'aa, imepakwa mafuta ya kuitunza, kwa macho ni ileile.

Fundi wetu ni mzee wa Ujiji aliyeanza kushika spana enzi za matrekta ya vyama vya ushirika. Hakuisifia. Aliipokea, akaipakata, akaingiza kidole cha shahada kwenye tundu la katikati, akawa anakizungusha polepole huku midomo inacheza, kama mtu anayevuta tasbihi. Akasema: "Kumi." Kisha akaiokota ile mbovu iliyojaa kutu, akafanya vilevile. Hii alikaa nayo zaidi. Akasema: "Ishirini na moja. Mwanangu, hii uliyoletewa haiingii."

Jamani, sikuamini. Nikaijaribu mwenyewe kwenye shafti. Meno 10 yana mashimo mapana, meno 21 ni membamba; ni sawa na kutaka kuingiza ufunguo wa kabati kwenye kufuli la geti. Nikampigia simu mwenye duka. Akanijibu kwamba mali ikishatoka dukani hairudi, na kwamba nilichoomba ndicho alichonipa. Na ukweli unauma: nilichoomba ndicho alichonipa. Nilimtajia jina la trekta, na jina la trekta halitoshi.

Hili ndilo ninalotaka tulishike jioni hii. Tunasema spea za matrekta ya zamani hazipatikani. Wakulima tunasema, mafundi wanasema, hata viongozi wakipanda jukwaani wanasema. Mimi nakubali zipo ambazo kweli hazipatikani. Lakini mara nyingi kinachotushinda ni kukijua chenyewe tunachokitafuta: kina meno mangapi, kipenyo gani, namba gani imegongwa pembeni, na ni ndugu wa chombo gani kingine. Ukishayajua hayo, nusu ya safari umeimaliza ukiwa hapahapa Kigoma.

Mzee alinikalisha jioni ile akanifundisha kama mtoto wa chuo. Akaniambia, trekta ni kama mtu wa kwetu: lina jina lake, lina jina la baba, na lina ukoo. 135 ni jina tu. Injini yake ya dizeli ina jina jingine, ni Perkins AD3.152. Tatu ni silinda. 152 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo. Na ile herufi D si pambo. Injini iliyoitangulia, ile ya kwenye Massey 35, nayo ni ya silinda tatu na 152 vilevile, lakini dizeli ilipulizwa kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni ndipo moto ukaingia kwenye silinda. Hii ya D inapuliziwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa hiyo pistoni zake zina umbo jingine. Ukimwambia muuza duka "pistoni za Massey ya silinda tatu" akakupa za kaka yake, utazirudisha, na atakwambia mali ikishatoka dukani hairudi.

Upande wa ukoo ndiko kulikonifungua macho. Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kiwanda kikifa na spea zimekufa. Kumbe damu inaendelea. Baada ya 135 alikuja mdogo wake, Massey Ferguson 240, anayetumia injini ileile ya AD3.152, na sehemu kubwa ya tumbo lake ni ileile. Huyo 240 ameendelea kuundwa Pakistani, katika kiwanda cha Millat kule Lahore. Wahindi nao, kupitia kampuni ya TAFE, wameunda matrekta ya ukoo huohuo kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba shamba la Ujiji linaweza kulimwa kwa pampu iliyotoka Lahore jana, ili mradi umeuliza pampu ya 240 yenye meno 21. Neno "135" halimo hata kwenye boksi.

Hata ng'ambo ya ziwa ni vivyo hivyo. Mfanyabiashara wa Kalemie au Uvira akishuka Kibirizi, yeye anataja sehemu za mashine kwa majina ya Kifaransa, sisi tunazitaja kwa majina ya Kiingereza yaliyokunjwa na ulimi wetu, na mnaweza kusimama gatini saa nzima mnatafuta kitu kimoja bila kuelewana. Mwekeeni mezani kile kibovu, apime, ahesabu. Mnaelewana kwa dakika moja.

Sasa, hela ya kununua pampu nyingine sikuwa nayo. Mzee akasema twende Kasulu, anakumbuka kuna 240 imelala kwa mtu, injini ilipasuka miaka mingi. Tukaenda. Tukaikuta nyuma ya nyumba, kuku wametagia kwenye sanduku la betri, matairi hayapo, boneti haipo. Mwenyewe, mama mtu mzima, alikuwa na habari nyingine: kijana wa vyuma chakavu ameshakuja na mizani mara mbili.

"Nyie mnataka utumbo tu," akatuambia. "Yule anachukua mwili mzima na kuniondolea uchafu uani."

Mzee akamwambia kwa upole, "Mama, yule anakununulia chuma. Sisi tunakununulia trekta. Chuma kina bei yake kwa kilo, trekta lina bei yake kwa kiungo." Akamwonyesha: hii pampu ya dizeli ina mtu wake, hizi rimu zina mtu wake, huu usukani, hii gia boksi. Akamtajia na bei moja moja. Mama akavuta kigoda akakaa. Mpaka tunaondoka alikuwa ameshaamua kijana wa mizani akija tena asubiri mwisho, achukue kitakachobaki.

Nalisema hili kwa uchungu, msikilizaji. Katika mkoa wetu huu nimeona matrekta yakikatwa kwa gesi vipande vipande, yanapakiwa kwenye lori na kwenda kuyeyushwa, na ndani yake mna vitu ambavyo mkulima wa kijiji cha pili anavitafuta mpaka Dar es Salaam. Sina ugomvi na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni kazi halali na inalisha familia. Ila anayeuza atazame kwanza. Wahenga walipozungumzia kufa kufaana hawakuwa na trekta akilini, lakini linahusu.

Ile pampu tuliitoa saa kumi jioni. Mzee hakuigusa. Akanipa tochi, akaniambia: "Hesabu wewe." Nikahesabu 21. "Rudia." Nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, nikarudia. Ishirini na moja.

Tukafika nyumbani nikitaka ifungwe usiku uleule. Mzee akakataa. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu mwanzo: ile ya kwanza iliuawa na nini? Maana kama hujui kilichoiua ya kwanza, unampelekea muuaji mtu wa pili. Akanipeleka kwenye lile debe la oili tuliyomwaga. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Oili safi haina rangi hiyo. Hiyo ni oili iliyochanganyika na maji. Kisha akapanda juu ya trekta, akashika kile kimpira kinachovaa shina la mkono wa gia. Kilikuwa kimekauka na kupasuka upande, ufa wa kuingiza kidole. Trekta hulala nje. Kila mvua iliyonyesha ilitiririka kwenye ule mkono wa gia, ikaingia kwenye ufa, ikashuka kwenye oili, na pampu ikawa inakunywa maji. Kimpira cha bei ya sahani ya wali kilikuwa kimeua pampu ya laki kadhaa.

Tulikata kipande cha tyubu ya ndani ya tairi, tukakivalisha pale na kukikaza kwa waya wa kufungia. Chujio tukalisafisha kwa dizeli. Ile oili tukaimwaga yote, na tukaipitisha dizeli ndani ya tumbo kuosha. Sili na oringi za pampu hatukurudishia za zamani. Mpira uliokaa miaka juani haufai, hata kama kwa macho ni mzima. Hizo zilipatikana Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa kupimwa unene na kipenyo.

Na hapa, msikilizaji, sisi wa Kigoma tuna somo lililokuwa bandarini kwetu miaka zaidi ya mia moja, tunapita tukilitazama. Nasema habari ya Liemba. Meli ile iliundwa na kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka huku. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Fundi mkuu Anton Rüter na wenzake wawili kutoka kiwandani, pamoja na vibarua wengi wa hapa kwetu ambao majina yao hayakuandikwa, wakaiunganisha, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen.

Julai 1916 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowaelemea, Wajerumani wakaamua kuizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Kazi hiyo wakapewa walewale mafundi walioiunda. Fikiria moyo wa fundi anayeambiwa azamishe kazi ya mikono yake. Wale hawakuiharibu mitambo. Waliipaka injini grisi nzito kila mahali, ndipo wakaishusha chini taratibu, si mbali na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na walipoifungua wakakuta injini na mabwela bado vinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikisukumwa na mitambo ileile. Injini za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli baadaye kabisa, miaka ya 1970.

Miaka mingi chini ya ziwa, na grisi ikashinda maji. Trekta langu limekaa juu ya nchi kavu, na mpira uliopasuka ukaliangamiza. Tangu siku ile sipiti bandarini bila kuwaza mikono ya wale watu ikipaka grisi kwenye chuma wanachokwenda kukizamisha.

Tulipokuwa tumefungua trekta, mzee akaona kosa jingine: bushi ya pini ya katikati, ile inayobeba ekseli ya mbele, imelika, ndiyo maana trekta lilikuwa linayumba kichwa kama mtu mwenye usingizi. Hii hatukuitafuta dukani. Tuliipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma. Nakushauri siku moja usimame pale umtazame. Alipima pini kwa veniya sehemu tatu, kwa sababu pini ikitumika hailiki sawasawa. Akatafuta kipande cha bushi nene ya shaba iliyotoka kwenye shafti ya boti ya ziwani, akakibana kwenye mashine, kikaanza kuzunguka, na shaba ikawa inatoka kwa mkanda mwembamba unaojikunja, unaanguka kwenye sinia. Kila baada ya dakika chache anasimamisha, anapima, anarudi. Kwa saa moja na kitu bushi ikawa tayari, na pini ikaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Nilimuuliza kwa nini asichonge ya chuma cha pua, idumu zaidi. Akanijibu kwamba bushi imewekwa pale ife badala ya pini. Ukiiweka ngumu kuliko pini, pini ndiyo italika, na ukifika kwenye pini na ekseli gharama haina mfano. Kuna matrekta mengi yamemalizwa na fundi mwenye nia njema aliyetaka kitu kidumu.

Lakini usitoke hapa ukidhani kila kitu kinachongeka. Pampu ya dizeli, ile inayogawa mafuta kwa nozeli, ndani yake kuna vipande vilivyosagwa kwa usahihi wa sehemu za elfu za milimita. Hiyo haichongwi kwa mashine ya kawaida wala kwa tupa. Ikikwisha, itafutwe yenye namba yake au ipelekwe kwa wenye benchi ya kupimia. Fundi mzuri utamjua kwa lile analokataa kufanya.

Kuna wakati katika nchi hii walikuja watu wenye fedha kuliko sisi sote, wakashindwa na jambo hilihili la kukijua chombo chenyewe na spea zake. Ukipanda treni hapa Kigoma, kabla hujafika Tabora utapita Urambo. Pale, na Kongwa, na Nachingwea, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga. Matrekta mapya hayakutosha baada ya Vita Kuu ya Pili, basi wakanunua yaliyotumika na majeshi, mengine yakitoka mbali kule Ufilipino. Wakatengenezewa na mengine kutokana na vifaru vya Sherman. Yalikuja ya kila aina, yamechoka, yenye kutu, bila spea zake, na bila watu wanaoyajua. Mibuyu na udongo mgumu wa Kongwa vikamaliza yaliyobaki. Mradi ukavunjwa mwaka 1951, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Wazee wa Urambo walibaki na vyuma.

Usidhani ni mambo ya wakoloni tu. Miaka ya 1980 tulikuwa tukiunganisha matrekta ya Valmet ya Finland pale Kibaha. Leo ukiingia dukani ukataja Valmet, kijana anakutazama, kwa sababu jina limebadilika na kuwa Valtra. Juzijuzi tu, Kibaha hiyohiyo, tukaunganisha Ursus ya Poland. Kampuni mama ikatangazwa kufilisika mwaka 2021. Trekta lililotoka likiwa na rangi mbichi linaweza kuingia kundi la wazee kabla deni lake halijaisha. Kwa hiyo mwenye Ursus leo, ninaloliongea linamhusu kuliko mimi.

Tufanyeje? Mimi naliona jambo moja ambalo halingoji bajeti kubwa. SIDO tunayo hapa mkoani, shirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na karakana yake imewachongea wakamuaji wa mawese mashine za kukamulia kwa miaka. Chuo cha VETA kipo. Mafundi wazee bado wapo, ingawa kila mwaka tunawazika. Kiandikwe kitabu cha matrekta ya mkoa huu: liko kijiji gani, namba ya chasisi, namba ya injini, pampu ya meno mangapi, limekufa kiungo gani na kimebaki kizima kipi. Kijana wa VETA apewe hiyo iwe kazi yake ya mafunzo, aende na veniya na daftari, akae na mzee, apime. Mali bila daftari huisha bila habari, na yetu inaisha hivyo tukiwa tunaiona.

Nami nilianza kwangu. Daftari la trekta sasa lipo, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi la spana. Kwa kuogopa panya nimeandika pia kwa rangi nyeupe chini ya kiti, mahali ambapo atakayelifungua hatakosa kuona: PAMPU MENO 21.

Tulirudi Luiche katikati ya Desemba. Wawili katika foleni walikuwa wameshapanda kwa jembe la mkono, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kuwaomba radhi. Plau ilikuwa palepale tulipoiacha, majani yameanza kuizunguka. Dereva akarudi kinyumenyume, tukaingiza pini, akavuta mkono wa lifti. Sahani zote mbili zikapanda na tope lake. Mzee alikuwa amekaa kwenye tuta. Hakusema kitu, alikuwa anaitazama tu ile mikono ya trekta kama itashuka yenyewe. Haikushuka.

Ile pampu ya meno 10 niliiweka chini ya kitanda muda wote huu. Nimeipaka grisi. Wiki iliyopita simu ikaita, mtu wa Kakonko, amepewa namba yangu na mzee. Ana trekta la zamani kuliko langu, mikono ya nyuma haipandi, amesikia ninayo pampu, akataka anitumie hela usiku uleule kwa sababu kwao mvua imeshaanza. Nikamwambia asubiri kwanza. Nikamuuliza kama pampu yake mbovu iko karibu. Akasema iko hapo miguuni, kwenye gunia. Nikamwambia: itoe, kaka, ingiza kidole kwenye tundu la katikati, uniambie. Nikaisikia simu ikiwekwa chini, gunia likachakarika, kisha sauti yake kwa mbali: moja, mbili, tatu.